Milio Mitatu ya Wimbo wa Nne

Siku ya posho, 3 Machi

Jumamosi ya kawaida. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, pamba. Nimeosha disiki, santuri yangu ya Bana Taa, kwa mviringo, bila kulowesha karatasi ya katikati. Miaka kumi na minne sasa. Haijawahi kulala nje ya nyumba hii.

Kisha nimeisikiliza yote, kalamu mkononi. Nataka kuandika ninachofikiri kabla sijazeeka. Bana Taa walikuwa orkestre ya hapa hapa Lubumbashi, wanaume watano waliopanda jukwaani mchana kweupe na taa za wachimba migodi kichwani, zikiwaka. Ngoma yao ilikuwa bamba la shaba na beseni la kuogea. Watu waliwacheka. Mimi sikucheka. "Mwezi ya Muchana" ndiyo disiki yao moja tu, na hakuna iliyo bora nchi hii. Sibishani na mtu.

Wimbo wa kwanza: mwimbaji anasoma orodha ya posho, unga, samaki, mafuta, mpaka machozi yanakutoka. Wa pili: anaimba kichwa kikiwa ndani ya ndoo. Wa tatu ni mrefu bure. Zamani nilikuwa nautetea.

Wa nne, "Kuku ya Direkta". Hapo sasa! Kuku wa mkurugenzi anatoroka, kambi nzima inamtafuta, kila nyumba sufuria iko tayari motoni. Katikati, milio mitatu. Ko. Ko. Ko. Haifuati ngoma hata kidogo. Nani mwingine angethubutu? Kwetu tunaicheza kwa kusimama kwenye kila mlio, mguu hewani. Kwenye harusi ya dada yangu ukoo mzima ulisimama hivyo mara tatu, upande wa bwana harusi wakadhani tumepagawa. Hata Papa, baba yangu, husimama. Papa, mzee wa tanuru ya shaba, aliyesema tangu siku ya kwanza kwamba bale bantu beko bazimu, yaani wana wazimu.

Siku ya kwanza, 5 Machi

Jumatatu, kazini. Simu nyingi, laini mbovu. Kalonji, anayekaa ubao wa simu kando yangu, yumo kwenye kamati ya serkle, klabu ya wafanyakazi. Habari kubwa: tarehe 17 watafanya alasiri ya disiki za zamani. Kwanza animation, nyimbo za chama na kukata kiuno kwa ajili ya Rais, hiyo haikwepeki. Kisha Bana Taa. Wamempata mpiga ngoma wao! Papa Mwape, anafuga kuku Kasungami. Atapiga mwenyewe, nami nitaeleza disiki. Nani mwingine angeweza?

Nilimtajia Kalonji milio mitatu. Akasema alishaisikia disiki hiyo kwa daktari mmoja kule mtaa wa Golf, hakuna mlio wowote. "We Kabedi, masikio yako iko na malaria." Nikamwambia ailete hiyo ya daktari tuone. Nikikosa nitakiri kwenye mikro, mbele ya watu wote. Nimeahidi. Sina wasiwasi hata chembe.

Siku ya nne, 8 Machi

Kasungami, kwa baiskeli. Papa Mwape ni mwembamba, amevaa kofia ya sufu juani. Hana disiki, yake iliozeshwa na mvua. Bamba la shaba analo bado, amelifunikia banda la kuku. Mkewe alininong'oneza kwamba tangu apate habari ya serkle, mzee amerudi kula vizuri.

Alinipigia wimbo wa nne kwenye beseni, mwanzo hadi mwisho. Vidole vyake, jamani! Lakini milio mitatu aliiruka. Nikamsimamisha. Nikamwimbia, nikagonga kwa ufunguo wangu: hapa, hapa, hapa. Akasema, "Mama, ile miye sikumbuki." Akajaribu. Kila alipofika hapo ngoma ilimpotea. Nikamsahihisha tena. Mara nne. Nilijiona mwalimu kabisa.

Mwishowe akageuza beseni kifudifudi. Kama amesahau wimbo wake mwenyewe, basi njo mwisho, yameisha. Nimwambie Kalonji hatafika.

Nimerudi nimeudhika. Mtu anasahauje kitu kizuri namna ile?

Siku ya posho, 10 Machi

Kalonji alileta disiki ya Golf nyumbani. Inang'aa, haijaguswa. Wimbo wa nne. Kuku akatoroka, ngoma ikaendelea, hakuna kitu. Tukarudia. Hakuna kitu. Nikapeleka yangu dirishani. Mkwaruzo mdogo kama unywele wa kope, umekatiza mistari mitatu.

Aibu. Aibu tupu. Kalonji alicheka kwanza, kisha akaniangalia. Ahadi ya mikro hainisumbui. Kinachoniuma ni yule mzee wa Kasungami. Alikuwa anakumbuka kila kitu, nami nimemfundisha kusahau.

Papa aliomba maji mara mbili, hakuyanywa. Kalonji alipoondoka, akasema, "Ni miye, Anastasie." Jina langu hilo la ubatizo haliko tena kwenye karatasi yoyote, tangu tulipoamriwa kushika majina ya mababu tu. Papa hulitumia mambo yakiwa mabaya. Disiki ilipokuwa mpya nilienda kwaya, yeye akaisikiliza kwa siri. Alitaka kurudia wimbo wa nne. Mkono wa gramafoni ukamteleza. Niliporudi na kuuliza ile milio ni nini, akanijibu ni bazimu, njo mambo yabo.

Nami nikaamini. Kwa Bana Taa ungeamini chochote.

Siku ya Mungu, 11 Machi

Sijamsemesha Papa. Bukari, ugali wetu, nimeweka mezani bila neno. Miaka kumi na minne anasimama mguu hewani, uso mkavu, akijua!

Siku ya kwanza, 12 Machi

Baada ya kazi, Kasungami tena. Disiki zote mbili, gramafoni ya betri nimeifunga nyuma ya baiskeli.

Niliweka ya Golf. Papa Mwape alifumba macho, mikono ikaanza kutembea juu ya beseni, haikukosea popote. Nikapiga magoti, nikapiga makofi taratibu kama tulivyofundishwa kuomba radhi. Nikamwambia: Papa, hukusahau kitu, mwenye kosa ni mimi, disiki yangu ina kidonda. Nikamweleza na habari ya Papa wangu.

Hakucheka, hakukasirika. Akaomba niweke yangu. Akaisikiliza. Akaomba tena. Mara ya tatu kichwa chake kiliitika kwenye kila mlio. Kuhusu Jumamosi sikuthubutu kuuliza.

Siku ya posho, 17 Machi

Animation dakika arobaini. Jasho. Kisha mikro. Nilisema yote, jina langu, mkwaruzo, mzee niliyemsumbua. Serkle nzima ilicheka mpaka viti vikalia. Niliacha wacheke. Kisha nikawaambia kwamba wimbo wa tatu ni mrefu bure na hilo halina mkwaruzo. Bado ni mimi ninayejua.

Kiti cha mpiga ngoma kilikuwa kitupu. Saa tisa. Saa tisa na nusu. Kalonji hakunitazama. Nilitaka ardhi inimeze.

Akaja! Bamba la shaba mabegani, limesuguliwa, taa kichwani inawaka. Alipiga wimbo wa kwanza, wa pili, na wa tatu wote, akiniangalia kana kwamba ameshaambiwa nilichosema. Katika wa nne alishika kijiko. Ko. Ko. Ko. Nje kabisa ya ngoma, na ngoma haikumpotea. Watu wakapiga kelele. Papa, kwenye safu ya pili, alikuwa amesimama, mguu hewani. Nililia hadharani na sijutii.

Siku ya Mungu, 18 Machi

Misa ya asubuhi. Mvua kidogo.

Disiki ya Golf bado iko hapa, Kalonji ataichukua kesho. Papa alikuwa anakula. Nimeiweka, wimbo wa nne, kwa sauti ndogo. Safi kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Katikati, kijiko cha Papa kilisimama. Kikaendelea. Kikasimama. Kikaendelea. Kikasimama. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio, nami mguu wangu ulikuwa hewani. Nimemwongezea mboga.