Saa Alizonitafutia Baba Yako

Loup Bend, Nebraska
Jumapili, mwishoni mwa Juni

Marla mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Ni matumaini yangu kwamba mlifika Denver salama, kwamba kikohozi cha mumeo kimetulia, na kwamba watoto wameanza kula vizuri tangu wamzike babu yao. Sisi tu wazima wa mwili. Mvua imenyesha, mahindi yamefika magotini, na mume wangu Wade anakusalimu. Yuko nje anagombana na trekta. Jirani yetu Mama Bernice anauliza kama uliondoka na sahani yake ya kioo. Nilimwambia mtu aliyefiwa hadaiwi sahani. Akasema hadai, anauliza tu.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu ningekata ukishapokea tu. Kuna jambo kuhusu ule mtihani wangu ambalo hukuambiwa, na lazima nianzie mbali kidogo, uniwie radhi.

Unajua kwamba tangu wakili wetu wa mwisho ahamie Arizona, kaunti nzima haina wakili. Mtu akitaka kuandika wosia anapoteza siku barabarani. Baba yako hakusahau jinsi shamba la baba yako mdogo Stan lilivyopigwa mnada kwa sababu hakuacha karatasi yoyote. Basi siku moja akaja pale ofisi ya kaunti ninapogonga mihuri, akaegemea kaunta, akaniambia nimesoma karatasi za wengine vya kutosha, sasa nikasomee sheria. Nikamwambia nakaribia miaka arobaini. Akasema, "Kwani ukikaa hapo hapo, miaka itasimama ikungoje?"

Ule mtihani wa kuingilia chuo cha sheria hauulizi sheria. Unauliza hoja: nani kasema nini na kakosea wapi, na kila sehemu ina saa yake inayokimbia. Bila miezi ya mazoezi huambulii kitu. Miezi hiyo ningeitoa wapi, mimi mwenye ng'ombe na kazi ya ofisi? Baba yako akaishusha kalenda ya ukutani, akaiweka juu ya meza kana kwamba anapanga vita. "Ng'ombe hawajui una mtihani, mwanangu," alisema. "Tuwafuate wao, la sivyo utalia." Ikawa wakati wa baridi nisome jioni. Mitamba wakianza kuzaa, yeye mwenyewe angekuja alfajiri kuwaangalia kwenye theluji, ili nipate asubuhi yangu kabla ya kazi. Wakati wa kupanda ungekuwa wa Wade. Mtihani tukauweka mwanzoni mwa Juni, mahindi yakiwa ardhini na majani hayajafika kukatwa. Wade alinitania kwamba wanaume wawili wanatoka jasho ili mimi nikae kitako. Lakini walitoka, Marla. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko zile asubuhi.

Tatizo lilikuwa watu. Unatujua. Huku hakuna anayebisha hodi. Mtu anasukuma mlango, anajimiminia kahawa, anaanza umbea. Kila nilipotega saa nifanye zoezi, Bernice alikuwa ndani na supu, kasikia nasoma sana nitakonda. Na mtihani wenyewe unafanyiwa nyumbani, kwenye kompyuta, msimamizi aliye mbali anakutazama kwa kamera. Akiingia mtu, au ukiinuka kitini kabla ya mapumziko, basi, umekwisha. Simu nayo huruhusiwi kuwa nayo chumbani. Nilipomweleza baba yako aliona aibu kidogo, kama mtu aliyeambiwa aufunge mlango wa kanisa. Hata hivyo alikuja na bisibisi, akafunga komeo kwa mikono yake. Wade akauliza kama sasa tumekuwa watu wa mjini Omaha.

Siku yenyewe Wade alikwenda kuuza ndama. Nilifunga komeo nikaanza. Watu wamekwambia kwamba nilipotoka wakati wa mapumziko nilimkuta baba yako barazani, nikaita ambulensi, nikamshika mkono mpaka mwisho. Ni kweli yote. Ambalo hawakukwambia, kwa kuwa hawalijui, ni kwamba alibisha mlangoni, na nilimsikia.

Mwanzoni nilidhani ni Bernice nikakasirika. Kisha akaita: "Jolene, mwanangu, nifungulie." Akarudia, kwa sauti ya chini zaidi. Nimejaribu kujidanganya kwamba nilidhani amekuja kunywa kahawa, kasahau siku. Hakusahau. Yeye ndiye aliyeizungushia duara kwenye kalenda. Nilijua kwamba baba yako, Mzee Emil, hawezi kubisha hodi siku ile bila jambo. Nikatazama saa kwenye kioo cha kompyuta, nikaona sehemu ile inakaribia kwisha, nikasema moyoni asubiri kidogo. Swali lile lile nikalisoma tena, nikachagua jibu.

Nilipofungua alikuwa ameketi akiegemea ukuta, kofia mapajani, uso umegeuka rangi ya majivu. Akaniuliza, "Umemaliza?" Nikamwambia nimemaliza. Hakusema tena neno. Wala sikuwa nimemaliza. Nusu ya pili sikurudi kuifanya, kwa hiyo hata alama sina.

Baadaye nilimuuliza daktari. Akasema moyo ukifika pale dakika zina maana, lakini ambulensi inatoka mbali na hakuna anayeweza kuapa. Alitaka kunifariji. Sikufarijika.

Sasa kila mtu ananiambia nifanye tena wakati wa vuli. Wade ameshaanza kuchora saa za kusoma kwenye kalenda. Wewe pia ulisema ndivyo baba angependa. Kila alfajiri naketi, nafungua kitabu, nategesha saa, na kazi yangu ni kusikiliza mlango. Sisomi hata mstari. Mtihani ule sitaufanya tena, na hapa hakuna mwingine wa kuufanya. Kaunti itabaki kama ilivyo, na watu watakufa bila karatasi kama Stan.

Sikuombi unisamehe. Sina uso wa kuomba hilo. Ila siku ile, kwenye jiko la kanisa, tulipokuwa tunafuta sahani baada ya chakula cha mazishi, ulinishika mikono yote miwili ikiwa na maji, ukasema, "Asante, Jolene. Baba hakufa peke yake." Nami nikakujibu usijali. Nimekaa na asante hiyo wiki zote hizi na siwezi tena. Naomba uichukue.

Nisalimie mumeo, na wabusu watoto kwa niaba ya Wade.

Ni mimi, niliyekuwa rafiki yako tangu darasa la kwanza,

Jolene Hruska