Kitambaa cha Mama Mkwe na Milimita Nne

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Mashine yetu ya kuchonga mbao kwa kompyuta imekosea milimita nne. Jumamosi ilikuwa nzima kabisa. Upande wa kushoto wa mlango wa kanisa ulitoka bila doa, mzabibu na nusu ya msalaba. Leo nimejaribu upande wa kulia kwenye mbao ya mabaki, na kila kitu kimesogea kulia. Nikiziweka pamoja, mkono wa msalaba unaonekana umeteguka.

Mbao ya mninga iliyobaki ni moja. Wazee wa usharika walitoa mti mmoja, huko Maneromango, na mti umeisha. Miezi yangu mitatu ya majaribio inaisha na mlango huu. Fundi Onesmo, bosi wangu, kasema wazi: mlango ukikubali, nimeajiriwa. Lori linaufuata Jumamosi.

Mama mkwe wake, Bibi Paskalia, amefika jana ili ausindikize mlango mpaka kwao. Kaja na mfuko wa nyuzi. Ameshafumia vitambaa TV, friji na mtungi wa gesi. Leo asubuhi nimekuta na mashine imevalishwa — kitambaa cheupe juu ya boksi la mota linalobeba kisu, matamvua yananing'inia pande zote. "Mashine kubwa hivi mnaiacha uchi?" kaniuliza. Nimemshukuru.

Jumanne, 16 Septemba 2025

Nimepima sehemu kumi, mwanzo wa mbao hadi mwisho wake. 4.0, 4.1, 4.0, 3.9 — nne mpaka mwisho.

Maulidi, fundi wa kuchomelea hapo jirani, kasema mashine imenikataa, kuna watu wana mkono mzito. Bosi anasema ni umeme. Mimi nimekaa na karatasi. Kama skrubu ndefu inayosukuma kisu ingekuwa imechoka, kosa lingeongezeka kadiri kisu kinavyokwenda mbali. Haliongezeki. Kwa hiyo safari ni nzima, kosa liko mwanzo wa safari. Kila ikiwashwa, mashine hurudi pembeni hadi iguse swichi ndogo. Hapo ndipo sifuri yake, inahesabu kuanzia hapo. Swichi nimeipuliza vumbi. Bado nne.

Basi nimeiagiza programu ipunguze nne kila mahali. Ikakaa sawa. Bosi kamwambia Maulidi, huyu ana fizikia ya kidato cha sita. Maulidi: "Mimi nina ya darasa la saba, lakini mageti yangu yanafunga."

Jumatano, 17 Septemba 2025

Majaribio matatu. Sawa, sawa, sawa. Kesho mninga. Mchana nimekula sahani mbili.

Alhamisi, 18 Septemba 2025

Heri nilijaribu kwanza kwenye mabaki. Milimita nne — kushoto!

Nimetoka nje nivute hewa. Kwenye kamba, kati ya suruali ya bosi na shuka, kitambaa cha Bibi kinakauka. Kakifua jana jioni.

Nikarudi ndani, nikaliangalia lile boksi la mota linaporudi pembeni. Nikachukua leso yangu, nikaining'iniza pale. Boksi likaibana leso kwenye swichi, swichi ikabonyea kabla ya wakati. Ndiyo hiyo. Matamvua. Siku mbili nimepiga hesabu za kitambaa nikidhani ni za mashine.

Nimemweleza bosi. Akakaa kwenye gunia la pumba za mbao. Nikasema, si tukitoe tu? Akaniangalia kama nimetukana. Huyu ni mtu ambaye mama mkwe akiingia sebuleni yeye anatokea dirisha la jikoni, nimemwona kwa macho yangu. "Atupele, nikakivue kitambaa cha mama mkwe wangu? Mbele yake? Kwenye mlango wa kanisa lao?"

Mwambie wewe, akasema. Nikamjibu mimi ni mgeni wa miezi mitatu. Tukamwita mkewe, Mama Blessing. Alicheka mpaka akaegemea mashine ya randa. Halafu akakataa. Mwaka juzi alitoa cha friji ili akifue tu, mama yake hakupokea simu yake mpaka Pasaka.

Mwisho nimetengeneza mafaili mawili kwenye flashi. Moja nimeliita KIPO. La pili HAKIPO.

Ijumaa, 19 Septemba 2025

Kitambaa kimerudi. Kimetiwa wanga, matamvua yamesimama kama miswaki. Kosa: milimita sita.

Faili la tatu: KIPO NA WANGA.

Mchana Bibi kaja kuangalia. Bosi kasimama, mikono nyuma, macho sakafuni. Shikamoo mama. Marahaba. Kinakaa vizuri? Kinakaa vizuri sana mama, mashine imetulia. Bibi akasema basi kesho atakiongezea duara la pili, mbona nyuzi zipo.

Kwa hiyo siwezi kuamini faili lolote. Lazima kitambaa kitoke, na kitoke kwa heri.

Jumamosi, 20 Septemba 2025

Saa mbili asubuhi nimemwamkia Bibi, nikamwomba anifundishe kufuma. Nikasema nahitaji kile cha mashine kama mfano. Alifurahi mpaka nikaona aibu. Akakivua mwenyewe. Bosi nyuma ya mlango akashusha pumzi, nilimsikia.

Nikawasha. Sifuri safi. Faili HAKIPO. Kisu kikaingia kwenye mninga. Bibi pembeni yangu, ananishikisha sindano: ingiza, zungusha, vuta. Mkono mmoja uzi, jicho moja kwenye kisu. Jani la kwanza, la pili, kichala. Mzabibu wote umetoka. Kumebaki msalaba tu.

Saa nne na dakika kumi umeme umekatika.

Naandika hapa kwenye benchi, nasubiri. Ukirudi, mashine lazima iende ikaguse swichi upya. Nilimweleza bosi kwa kunong'ona, akasema hakuna shida, kitambaa si kiko mapajani kwa mama.

Hakiko. Nilikwenda dukani kununua soda, dakika tano, nikakuta Bibi kamaliza duara la pili na kakirudisha. Kasema mashine imepumzika, isiingie vumbi. Bosi alikuwepo! Alisimama mita moja, akamshikia mkasi.

Lori la Maneromango limefika. Wazee wanne na mwinjilisti wamekaa kwenye magogo, wanaisifu kazi. Mmoja kasema Paskalia kaupamba mpaka mtambo. Bibi kajinyoosha kwenye kiti.

Umeme umerudi. Taa ya kijani. Wazee wote wamesimama kuja kuona msalaba unavyochongwa.

"Washa basi, mjukuu wangu," anasema Bibi.

Bosi anaangalia dari. Mama Blessing kaingia ndani na kufunga mlango. Maulidi kaacha kuchomelea, kavua miwani yake kabisa.

Leo nimeshamwamkia Bibi asubuhi. Naweka kalamu chini. Naanza tena na shikamoo, kisha kitambaa.