Laptopu Isiyotaka Kulala

Jumanne, usiku

Leo tena nimeitoa mkobani ina moto kama mkate wa mofa, betri imekwisha, na bosi kule Shimanzi angoja karatasi za kontena. Siizimi kabisa kwa kuwa kuwaka kwake ni taabu. Nailaza tu, nayo yaamka yenyewe.

Mchana nikaipeleka kwa fundi, Ganjoni. Akapekua weee, kisha akauliza, "Dada, nani alitia programu ya adhana humu? Ndiyo inayoiamsha kila alfajiri."

Marehemu Baba. Laptopu ilikuwa yake. Spika zilikufa kabla sijairithi, kumbe muda wote huu yaadhini kimya ndani ya mkoba wangu.

"Niifute?"

Nikamwambia angoje, nikampigia Mama. Nilidhani atasema futa, misikiti imetuzunguka hapa Mji wa Kale, adhana hatuikosi.

Yeye akasema, "Hebu muulize, mwanangu, spika zake zapatikana?"

Nikamwambia fundi asiifute. Nimerudi nayo vile vile.

Kesho bosi atauliza tena. Usiku huu sikuitia mkobani. Nimeiacha mezani, wazi, iamke.