Jike la Huemul Chini ya Genge

Jumanne, 10 Machi 1998

Tizón amerudi na damu mdomoni. Nikadhani ni kondoo. Nimemtukana huyo mbwa, nimehesabu kundi mara mbili — wametimia. Basi damu ya nani? Nikafuata nyayo zake topeni mpaka chini ya genge, pale kijito kinapopinda.

Huemul! Jike. Kulungu wetu wa milimani, yuleyule wa kwenye nembo ya taifa, amelala ubavu kati ya mawe. Paja la nyuma limechanwa hadi mfupa unaonekana. Mguu wa pili wa nyuma umevunjika, labda aliporuka genge akikimbia. Aliponiona alijaribu kuinuka kwa miguu ya mbele. Hakuweza. Akajaribu tena. Nikarudi nyuma ili asiendelee kujaribu.

Kosa ni langu. Naliandika hapa maana sijamwambia mtu. Mwaka jana Ciro, askari wa hifadhi, alipita nyumba kwa nyumba bonde zima: mnapoteremsha kondoo kutoka malisho ya juu, mkifika msituni mbwa wafungwe kamba. Nani huku anamfunga kamba mbwa wa kondoo? Tulimcheka alipoondoka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Nimemwita shemeji Baldomero, ndugu wa marehemu mume wangu, ninayeishi naye. Alitazama mara moja akavua kofia. "Dakika moja tu, shemeji. Nipe kisu."

Nikakataa. Kwa sheria huyu haguswi, awe hai awe mfu. Mzee Abelino wa kule chini alimmaliza mmoja aliyevunjika mgongo, kwa huruma tu, akaenda mwenyewe kutoa taarifa. Akapelekwa mahakamani! Alirudi hana bunduki na hana usingizi. Wa kumaliza ni Ciro peke yake, naye mpaka ofisi imruhusu.

"Kumbe huruma nayo inaombewa kibali?" Baldomero akasema, akarudi nyumbani.

Jumatano, 11 Machi

Baldomero ameondoka alfajiri kwenda duka la darajani, kwenye simu, apeleke tangazo redioni. Ni mwendo wa saa tano juu ya farasi. Nilimpa maneno ya kusema, neno kwa neno. Alinikodolea macho.

"Ameteguka mguu? Yule ndiye ameteguka?"

Nikamwambia aseme hivyohivyo. Matangazo ya saa saba yanasikilizwa na bonde lote — nani mgonjwa, nani aletewe farasi kivukoni, ng'ombe wa nani kapotea. Nikitaja meno ya mbwa, kabla jua halijazama kila nyumba itajua ni mbwa wa nani. Na mbwa aliyemrukia huemul hupigwa risasi. Ndiyo desturi yetu, hakuna anayebisha. Mbwa wa jirani yangu Eudocia alipopigwa mimi nilikuwa wa kwanza kusema ni haki. Nakumbuka hata nilivyokaa, miguu nimeinyoosha kwenye jiko lake.

Saa saba nilikuwa nimeganda kwenye redio. "Kwa Ciro Almonacid, popote alipo: Otilia Barrientos wa Estero Hondo anajulisha kwamba huemul jike ameteguka mguu karibu na nyumba yake. Anaomba maelekezo." Halafu salamu za kuzaliwa za mtu. Ameteguka! Redioni lilisikika kama jambo dogo sana. Nikazima kuokoa betri.

Nimempelekea maji kwenye sufuria. Hakunywa mpaka nilipojificha nyuma ya jiwe.

Alhamisi, 12 Machi

Jibu limekuja. "Kwa Otilia Barrientos: kama ni kuteguka tu, mwache apumzike, usimguse, atapona mwenyewe. Nitapita Jumamosi."

Kama ni kuteguka tu. Amesema alivyoambiwa, nimlaumu nini?

Baldomero akaanza kuvaa buti. Anarudi darajani, anamwambia Ciro ukweli, na Ciro asipokuja kesho yeye atachinja, wamfunge. Nikamwambia farasi amechoka. Farasi hakuwa amechoka. Alikuwa anajisugua kwenye uzio, mzima kabisa, sote wawili tunamwona. Baldomero alivua buti moja, akakaa nalo mkononi muda mrefu, kisha akavua la pili.

Jike leo kanywa mimi nikiwa nimesimama pale pale. Nzi wengi. Nimekata matawi nikamwekea kivuli.

Eudocia ananipigia kelele kutoka ng'ambo ya mto: "Otilia! Nasikia umefungua hospitali! Nami goti linaniuma, nije lini?"

"Njoo na kuni zako!" nikamjibu. Tukacheka. Nilicheka kweli kweli, kwa sauti, na nikigeuka tu natazamana na yule mnyama.

Ijumaa, 13 Machi

Funza.

Nimewatoa kwa maji ya chumvi, kwa kijiti. Nilivunja amri ya kutogusa, basi. Alilia. Sikujua kuwa wanalia. Ni sauti nyembamba, ya mlango usiotiwa mafuta, na bado naisikia nikiwa jikoni, hata pale ambapo haiwezi kufika.

Tizón nimemfunga nyuma ya banda. Naye analia, hajawahi kufungwa maishani mwake.

Kila wiki nachinja kondoo. Namlaza, napiga, kwisha, nafikiria viazi. Sijawahi kusita. Sasa nasita nini? Kondoo ni wangu. Huyu ni wa taifa, na taifa halipo hapa kumfukuzia nzi.

 Baldomero amekula amenipa mgongo.

Bado kulikuwa na muda wa kwenda darajani leo asubuhi. Hilo nalijua.

Jumamosi, 14 Machi

Ciro alifika saa nne na nusu. Nilikuwa nimeshachemsha maji ya yerba, chai yetu ya huku. Hakuyataka, akasema kwanza mgonjwa.

Tulishuka wote watatu. Ciro alipiga goti, akaliinua paja kwa fimbo, taratibu. Halafu akaniuliza bila kunitazama: "Mama Otilia, huku ndiko kuteguka?"

Nikamwambia yote. Mbwa, kamba, tangazo, farasi. Nilitaka anifokee. Hakufoka.

"Ungetaja mbwa, Alhamisi ningekuwa hapa na kibali mfukoni," akasema. "Unajua nilikuwa wapi? Pale chini tu, kwenye njia panda. Napaka rangi mabango ya hifadhi. Wiki nzima, mama, napaka rangi mabango."

Mabango! Siku nne nimemwachia mnyama funza ili mbwa wangu asisemwe, na mtu mwenye bunduki yuko safari ya asubuhi moja, anachora herufi.

"Basi mmalize," Baldomero akasema. "Bunduki si hiyo?"

"Siwezi bila ofisi."

"Nani atakuona?"

"Risasi itaonekana. Daktari wa wanyama ataikuta, ripoti nitaiandika mimi. Kazi itaota mbawa, na mimi na shemeji yako tutapanda kizimbani pamoja." Akatoa simu yake ya upepo akaipigapiga. Mlio mtupu — kwenye korongo letu haishiki kitu. Lazima apande mpaka kileleni. "Ni mwendo wa saa mbili, kwenda na kurudi. Msimguse, nawaomba."

Alipopita bandani akanionyesha mbwa kwa kidevu. "Yule, ukitaka kummaliza leo, huhitaji kibali cha mtu. Mbwa ni mali yako." Tizón alikuwa anamtikisia mkia.

Nimekaa na neno hilo tangu aondoke. Mbwa mzima, mwenye afya, naweza kumuua sasa hivi kabla chakula hakijaiva, na hakuna atakayeniuliza. Huyu anayeoza yu hai, kumsaidia ni jinai. Nilisema kwa sauti: nani aliyeandika sheria hivi?

"Mtu ambaye hajakaa hapa siku nne," Baldomero akajibu. Ndiyo neno lake la kwanza kwangu tangu juzi.

Lakini najua pia kwa nini waliandika. Babu yangu aliwaua huemul kwa mawe. Walikuwa hawamkimbii mtu, walisimama wakashangaa tu, na yeye aliona raha kulisimulia hilo mezani. Tulikula nyama yao iliyokaushwa mpaka wakawa hadithi. Ruhusa ingekuwa ya kila mmoja, kila mmoja angesema alimkuta ameumia. Mimi mwenyewe si nimesema uongo redioni kwa sababu ya mbwa? Sheria inatujua. Hilo ndilo linaloniuma, inatujua vizuri sana, halafu anayelipa ni huyu hapa.

Naandika nikiwa kijitoni, daftari kwenye goti. Ni saa tisa. Ciro aliondoka saa tano. Wingu limefunika kilele chote, huenda ofisi leo hamna mtu, Jumamosi hii. Jike hawezi tena kulia. Anafungua mdomo tu.

Baldomero amekinoa kisu bila kuambiwa, amekileta, amekiweka kwenye jiwe. "Nitasema ni mimi," akasema.

Nimemwambia hapana. Uongo mmoja umetosha. Nimemwambia aende nyumbani, na amekwenda, anageuka geuka nyuma. Ciro akishuka nitamwambia ni mimi, na tangazo nitalipeleka mimi, kwa jina langu, saa saba, na meno ya mbwa ndani yake. Eudocia asikie. Tizón — sijui. Tizón baadaye.

Sijamsamehe yeyote, na mimi wa kwanza. Jumanne ingekuwa dakika moja.

Nimekunja mikono ya sweta. Kisu nimekificha nyuma ya daftari, sijui namficha nani. Nimesogea karibu, naye hajashtuka, siku hizi hashtuki tena. Ameinua kichwa. Ananyoosha shingo, anafikiri nimeleta maji