Fomu za Bibokoboko Ulizojazia Mjini Baraka

Amisi mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Baba alitufundisha kwamba salamu hainyimwi hata mtu uliyekosana naye, basi pokea yako yote kabla sijaanza. Hali yako? Goti la mama limepoa, au bado anaenda sokoni akichechemea? Mihogo inakauka na mvua hizi? Mke wako Mwajuma na mtoto mchanga wanapata usingizi?

Sisi huku Ubelgiji tuko wazima wa mwili. Neema wangu amefika mwaka wa nne shuleni, na nikimgombeza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kifaransa. Baridi imeingia, navaa soksi mbili na bado miguu siisikii. Hayo ndiyo mazuri. Yaliyobaki ni hasira, nayo naiandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, wiki ya tatu sasa. Barua anakuletea Mama Sifa wa mtaani kwetu, anayekuja kuona wazazi wake. Nimemwomba aitie mkononi mwako, si mwa mtu mwingine.

Kazi yangu unaijua, ingawa huko unaambia watu eti nafanya "kompyuta". Niko katika bureau, yaani ofisi, ya chuo kikuu inayosaidia watafiti. Mwanafunzi anayeandika tasnifu ya udaktari anakuja kabla ya kusafiri, tunakaa naye, tunapanga atauliza watu gani, wangapi, kwa maswali yapi. Akirudi na majibu, tunamsaidia kuyachambua. Ndivyo alivyokuja Nabintu, binti wa Bukavu, mpole, anayekula chakula chake cha mchana amesimama. Alitaka kujua bamama wa milimani wanazalia wapi wakati kituo cha afya kiko mbali, na nani anawashika mkono saa ile. Alihitaji mtu wa kuzunguka kwenye vijiji vya chini, kisha apande mlimani mpaka Bibokoboko, akae na bamama, awaulize na aandike. Nani alisema, "Nina mdogo wangu kule mjini Baraka, amesoma, anajua njia, bamama wanampenda"? Ni mi. Kwa kinywa changu hiki.

Fomu zako zilifika zimejaa, safi, hata tone la mvua hakuna. Jumatatu moja asubuhi mi na Nabintu tulikaa kuanza uchambuzi. Katika fomu za vijiji vya chini, kuna mama aliyekataa swali. Kuna aliyesema "sijui". Kuna aliyeondoka katikati kwa sababu chungu kilikuwa kinaungua, na we mwenyewe uliandika hivyo pembeni. Hizo ulizifanya kweli, naziona. Lakini za Bibokoboko! Kila mama amejibu kila swali, kama mwanafunzi anayetafuta alama. Bamama gani hao, Amisi, wasio na chungu jikoni?

Nabintu hakuona. Alikuwa anatafuta fomu moja.

"Yaya Zaina, ona huyu mama," akaniambia, kwani naye ananiita dada mkubwa kama we. "Kazi yangu yote iko ndani yake. Profesa aliisoma mara mbili."

Nikasoma. Mama wa miaka thelathini na moja, mkulima, Bibokoboko. Uchungu ulimshikia shambani, peke yake. Alichomoa uzi wa kitenge chake, akafunga kitovu kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto wa kike alilia mara moja tu. Chini umeandika maneno yake: "Nilimupa jina. Lile jina sijaambia mutu."

Maneno hayo nimeyasikia mara moja maishani, wiki niliyomzaa Neema, mama alipokuwa ananikanda kwa maji ya moto. Aliniambia kuhusu dada yetu aliyetutangulia, aliyezikwa pembeni mwa shamba la mpunga kabla baba hajarudi kutoka ziwani. Aliniapisha nisiseme. Hata mume wangu sikumwambia.

Nikafunua fomu nyingine. Ya sita mbele, mama mwingine: uzi uleule, kilio kilekile, ila mtoto sasa ni wa kiume. Halafu mwingine tena, mapacha. Umemzalisha mama mara tatu, Amisi, na mara tatu umemzikia, ili karatasi zijae.

"Nabintu," nikasema, "huyu ni mama yangu. Yeye iko Baraka. Bibokoboko hajafika hata siku moja."

Alicheka kidogo, alifikiri natania. Kisha akaniangalia usoni, akafunga kompyuta taratibu. "Na zile zingine zote?" akauliza. Akajifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwani, akalia pale pale ofisini, watu wanapita.

Siku hiyohiyo nikakupigia. Unakumbuka ulivyonijibu? Mi nakumbuka neno kwa neno.

"Yaya, njia ilikuwa imefungwa. Batu banashuka banakimbia vita, mi nipande kufanya nini? Na bile ni bikaratasi tu. Banataka bikaratasi, nimebapa bikaratasi. Nani atajua?"

Vikaratasi tu, eti! Njia imefungwa! Ungeandika hivyo. Maneno mawili, Amisi. Katika kazi yetu "sikufika" ni jibu, tena jibu zito. Nabintu angeandika kwamba kuna bamama ambao hata anayetaka kuwauliza hawezi kuwafikia, na dunia ingesoma hivyo. Hakuna aliyekuomba ufe njiani kwa ajili ya fomu. Bamama wa kule wana maneno yao, wana vifo vyao, na we umewaziba midomo kwa maneno ya mama yetu. Siku mtu akisema "tumeshawauliza watu wa Bibokoboko", atakuwa anasema uongo wako.

Hasira yangu haikuishia kwako. Nilienda na Nabintu kwa mkubwa wa bureau yetu nikamweleza yote. Alisikiliza, akakoroga kahawa yake, akasema: "Tuzitoe fomu hizo. Zilizobaki zinatosha. Tutaandika kwamba fomu kadhaa hazikukamilika."

"Zilikamilika kupita kiasi," Nabintu akamjibu. Sikujua kwamba binti yule ana sauti kubwa hivyo. "Sitaandika uongo juu ya uongo."

Yeye mwenyewe akamwandikia profesa wake ukweli wote. Sura nzima ya tasnifu imetolewa, na mwaka wake mmoja umeenda. Kiangazi atakuja huko yeye mwenyewe. Njia ikiwa wazi, atapanda; ikiwa imefungwa, ataandika kwamba imefungwa. Mkubwa wangu siku hizi ananipita bila salamu, na mi pia simfuati.

Na nikuambie lingine, usije ukasema yaya anahukumu wengine tu. Mpango wa utafiti ule nilipanga mi. Milima ile yote, mtu mmoja, siku tisa. Nilizaliwa huko, nilijua haiwezekani, nikautia sahihi kwa sababu kwenye karatasi ulipendeza. Hilo ni langu, na nimeliandika kwa jina langu katika ripoti.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Juzi nilimpigia mama. Nilitaka kujua umezipata wapi habari za mtoto yule. Nikamuuliza kwa kuzunguka, kama Amisi alikuwa amekuja kumuuliza juu ya mambo ya zamani.

"Ndiyo, alikuya," mama akasema, na nikasikia anatabasamu. "Alikaa hapa karibu na ziko, moto ukiwaka, akazima simu yake, akanisikiliza mupaka nikamaliza. Tangu baba yenu akufe, hakuna mutu aliniuliza kitu. Nikasema mu roho: leo mutoto wangu anataka kunijua."

Sikumwambia juu ya fomu. Nilisema nina kikohozi, nikakata simu.

Kwa hiyo utafanya hivi. Utachukua nakala za fomu ambazo Mama Sifa anazo kwenye bahasha ya kaki, utaandika juu ya kila moja: kweli, au niliitunga. Zote, bila kuruka. Kisha utaenda kukaa na mama karibu na ziko lilelile, utazima simu yako, na safari hii we ndiye utakayesema.

Msalimie shangazi Mwamini, na umwambie dawa ya macho nimeipata, iko kwa Mama Sifa. Msalimie mjomba Ramazani wa mitumbwi, shehe aliyekufundisha kusoma, na Mwajuma, ambaye hana kosa lolote katika haya. Mbusu mtoto.

Mama usimpe salamu zangu bado. Mi sitaki zifike kwake kabla ya maneno yako.

Dada yako, nikiwa na hasira na nikiwa bado dada yako,

Zaina