Kinasa Kinachosikia Ubao

Hoteli ya Watalii, Ikoma
4 Januari 1976

Mdogo wangu Werema,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi tu wazima, ila mafua yamewapitia watoto wote wawili, na Kornelio anachechemea baada ya kujikwaa. Anasema alikuwa anamkimbia nyati. Mimi nasema ni kisiki. Habari za huko? Mahindi yameota, au bado mnagombana na ngedere?

Barua yako ya Krismasi nimeisoma mara tatu. Umesema homa ile imemwacha Tata mzito wa kusikia na bila nguvu vidoleni, kinubi chake cha litungu hawezi hata kukinyanyua, na sasa anashinda kimya mlangoni. Baba yetu kukaa kimya! Nimeumia, sikufichi.

Kisanduku anachokuletea dereva kiliachwa na mgeni mmoja chumbani. Ndani zilikuwamo sigara nene kama mhogo. Mimi ndiye ninayefua mashuka ya vyumba vile, nikaomba, nikapewa. Kigonge usikie, mbao zake nyembamba zinaitika vizuri. Wewe si fundi seremala? Mtengenezee kitu chepesi cha kukaa pajani. Ila usiseme kimetoka kwangu, asije akakitupa shimoni.

Unakumbuka alivyokuwa akiliinamia litungu kabla ya kupiga, ananong'ona majina ya watu anaowapigia? Nilikuwa natega sikio nyuma ya ngozi ya litungu ili nisikie langu. Tangu nimkimbilie Kornelio na Tata akataze jina langu lisitajwe nyumbani, miaka kumi na moja sasa, huwa najiuliza kama hata pale nimefutwa. Najua huwezi kunijibu. Nimesema tu.

Dada yako,
Mokami


Kijijini, Nyamongo
25 Januari 1976

Dada Mokami,

Shikamoo. Natumaini mafua yamekwisha na shemeji anatembea sawasawa. Hapa hatujambo. Mahindi yameota, na ngedere nao hawajambo.

Kisanduku nimekigeuza gita. Nimekitia shingo ya mti mgumu, nimeichonga wiki nzima, na nyuzi nne. Tata alikipokea bila kuuliza kimetoka wapi. Unajua amefanya nini? Shingo haigusi kabisa! Anazidonoa nyuzi wazi wazi kama za litungu. Wiki yangu nzima imeliwa na mchwa.

Tatizo ni mlio. Vidole vyake vinapapasa tu, ukikaa hatua tatu husikii kitu. Amepiga kidogo, akaangalia watu wanaopita, akakiweka chini. Aliniambia, "Werema, ukipiga ngoma isiyosikika unajikuna tu." Na kwake yeye kutosikika ni sawa na kufa.

Basi nikaenda Tarime kwa Ryoba, yule fundi redio. Ofisi yetu ya kijiji ina spika na mashine yake ya betri, ile ya kukuza sauti, ndiyo Katibu Matiko anayotuitia shamba la pamoja. Ryoba anasema nikitia kinasa ndani ya gita, waya ukaenda kwenye mashine ile, Tata atasikika mpaka mtoni. Vinasa viko vya aina tatu. Kuna kile cha kusikilizia cha mkono wa simu mbovu, anacho bure, ila kinapiga mluzi hovyo. Kuna kichwa cha gramafoni, kile kinachoshika sindano: ukikibandika kwenye ubao kinasikia kila kinachotikisa ubao. Hicho hana. Na kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, ya mpiga gita mmoja wa Sirari. Hiyo inasikia nyuzi peke yake, hata ukigonga kisanduku haina habari. Mwenyewe anataka beberu.

Wewe unaishi na wageni na mashine, nishauri. Nichague kipi?

Mdogo wako,
Werema


Ikoma
15 Februari 1976

Werema,

Marahaba. Ni wazima sote, asante Mungu.

Hicho cha simu mwachie Ryoba acheze nacho. Hicho kinachosikia ubao nacho sikitaki. Je, Tata akikohoa? Akijikuna? Akisogeza mguu? Kijiji kizima kisikie kifua chake! Mwache mzee na heshima yake. Chukua sumaku, isikie nyuzi tu. Toa beberu, na ukibaki bila beberu useme, tutaona.

Ukishaifunga, niandikie siku ileile. Siyo baada ya mavuno.

Dada yako,
Mokami


Nyamongo
20 Machi 1976

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Sisi wazima wa mwili, ila moyo wangu hauko sawa, na nimechelewa kuandika kwa sababu ya aibu.

Sumaku niliifunga vizuri. Jumamosi Katibu Matiko akaturuhusu kutumia mashine, tukamweka Tata kwenye kiti mbele ya ofisi. Watu walijaa, wengine walikuwa hawajamsikia tangu tuhamishiwe hapa. Alikuwa amevaa koti lake la harusi. Akainama, akanong'ona yale majina yake kama zamani, akapiga. Spika kimya. Nikafungua mashine mpaka mwisho. Kimya! Mtoto akacheka. Tata akakiweka kile kisanduku chini polepole, akaondoka kwa fimbo yake bila kumtazama mtu.

Nilikimbia na gita mpaka kwa Ryoba kumgombeza. Akaligeuza, akashika nyuzi, akaniangalia. "Mura, kijana wee, hizi ni nini?" Nikamwambia ni kano za ng'ombe. Dada, nyuzi zote nilizitoa kwenye litungu la Tata! Kwetu nyuzi ni kano, nani huwaza kingine? Kumbe sumaku inasikia chuma tu. Ryoba alicheka mpaka akakaa chini. Anasema hakuuliza kwa sababu hajaona gita la kano tangu azaliwe. Beberu wangu ameliwa bure.

Nikamletea Tata nyuzi za chuma. Alizigusa mara moja. "Hii ni seng'enge. Mimi sifungi boma." Basi. Sasa hata kwa kunong'ona hapigi. Anakula vijiko viwili, anasema ameshiba. Dada, naogopa. Naona anatuaga.

Ryoba anasema kimebaki kile cha gramafoni. Huku kwetu hakuna aliye nayo. Nimesema tu, sijaomba kitu.

Mdogo wako,
Werema


Ikoma
11 Aprili 1976

Werema,

Marahaba, mpumbavu wangu. Na mimi mpumbavu mwenzako, maana ni mimi niliyesema sumaku. Nimekulia miguuni pa litungu lile, nimeona Tata akizisokota kano hizo kwa mikono yake, na sikukumbuka.

"Sijaomba kitu." Wewe! Unajua vizuri tuna gramafoni ya betri. Kornelio aliinunua tulipooana, na kila Jumapili jioni tunasikiliza hapa mlangoni mpaka watoto wanasinzia. Niliificha barua yako siku nne. Siku ya tano akaikuta. Akachukua bisibisi, akakaa mbele ya gramafoni. Nikamwambia, huyu mzee hajawahi hata kuitikia salamu yako. Akanijibu huku anafungua, "Mimi hanitaki nyumbani kwake. Haya, kidude changu kitatangulia."

Nililia kidogo, halafu nikamletea chai.

Kimo ndani ya kopo la sabuni, nimekizungushia pamba. Usikibane sana, ni chepesi. Kohozi lisikike, litasikika. Afadhali akohoe, kijiji kisikie, kuliko kimya hicho.

Usiseme kimetoka kwa nani.

Dada yako,
Mokami


Nyamongo
9 Mei 1976

Dada Mokami,

Shikamoo, shikamoo tena. Mpe shemeji Kornelio mkono wangu. Nakuandikia siku ileile kama ulivyoniagiza.

Nilikibandika chini ya ubao, nikarudisha kano zake zilezile. Siku tatu nilimbembeleza. Alikataa: hatachekwa mara mbili. Leo baada ya ibada nikamwambia aje tu akae, nipime waya. Akaja bila koti, amekasirika. Watu walikuwa wachache, wengi walibaki makwao wakipika.

Nikawasha mashine. Akakiweka kisanduku pajani, akainama mpaka mdomo ukawa karibu na ubao. Anadhani ni siri yake, kama ilivyokuwa kwenye litungu. Spika iko upande wa pili wa ofisi, na masikio yake unayajua tangu ile homa. Ila kile kidude, dada, kinasikia kila kitu.

Spika ikasema, "Nyangi." Mama yetu! Watu wakageuka. Ikasema, "Marwa," yule kaka yake aliyefia Musoma. Ikasema, "Werema," nikashika mlango. Halafu ikanyamaza. Tukasikia anavuta pumzi, ndefu. Nikajua amemaliza, na nikasema moyoni sitakuandikia hili, nitakudanganya.

Ikasema, "Mokami. Na watoto wake, nisiowajua majina."

Sikuongeza neno, sikupunguza. Hata yule Waisiko mama yake Agustina, mbea wa kijiji, alifunika mdomo kwa kanga. Halafu Tata akapiga. Alikohoa, ndiyo. Tulisikia kucha zake kwenye ubao, na kidole gumba kinavyogonga kisanduku kushika mwendo. Watu walitoka majumbani na mikono yenye unga. Alipiga mpaka betri ikachoka, na jioni alikula ugali akaomba kuongezwa.

Hajui tulichosikia. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Ameniuliza tu mbona Waisiko alikuwa analia, nikasema ni moshi. Sasa anataka kupiga kila Jumapili. Nifanye nini, nimwambie?

Mdogo wako,
Werema


Ikoma
16 Mei 1976

Werema,

Marahaba. Tu wazima, na hii itakuwa fupi, dereva anapiga honi.

Usimwambie. Chaji betri, umfungie waya, umwache ainame kama alivyozoea. Nimeomba likizo. Jumapili ya tarehe 23 tutakuwapo, sote wanne, tutasimama nyuma ya ofisi chini ya spika. Nataka nilisikie jina langu mwenyewe, mara moja. Kisha tutazunguka mbele.

Watoto ni Christina na Joram. Hayo nayo usimwambie. Wana midomo yao.

Dada yako,
Mokami