Televisheni ya Barazani

Zuhura, mwaka mzima hujakanyaga Kariakoo, miguu unayo kweli? Shikamoo za kwenye simu nimezichoka. Sisi wazima; nasema mimi bibi yako, mama yako ndiye ananiandikia haya.

Umeuliza televisheni ilianzaje mtaani, kabla ya hii yenu ya intaneti. Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, jirani yetu Mama Salma alitangulia kununua. Mama yako, mtoto bado, akichungulia kwake, anafungiwa dirisha. Nilipopata yangu niliiweka barazani. Ikaonyesha chenga tupu.

"Shoga, umenunua mvua?" Mama Salma akacheka.

Nikafunga mfuniko wa sufuria kwenye antena. Picha ikatulia, mtaa mzima ukapiga vigelegele. Mama Salma naye akaja na kigoda chake. Nikamkalisha mbele, kando ya mama yako.

Ukija, usijifungie chumbani na simu. Iegemeze ukutani, tuangalie wote.